Seva moja, nchi nzima, na tarehe 15 ya mwezi

Leo nina swali la kifundi, lakini linamgusa hata yule asiyejua seva inafanana vipi, ilmradi ana mtoto aliyewahi kudungwa chanjo kwenye zahanati ya serikali. Swali lenyewe ni hili: programu huria za seva, zile zinazokaa kimya kwenye chumba chenye feni na kuhudumia maelfu ya watu, zinahitaji kweli kupitia toleo la majaribio la mwisho kabla ya toleo rasmi? Au huo ni urasimu tu wa mafundi wanaopenda kuongeza herufi kwenye majina ya mafaili?

Herufi zenyewe ni rc. Ukipakua programu ya seva mapema kidogo utaona rc1, rc2 au rc3 mwishoni mwa jina la faili. Maana yake, waandishi wanasema: sisi tumemaliza, hatuongezi kitu kipya, lichukueni mlijaribu, na lisipoonyesha kasoro kubwa basi hilihili ndilo litakuwa rasmi. Neno la Kiingereza walilotumia, sisi tunalo mara mbili: mgombea na mtahiniwa. Mgombea anaomba kura. Mtahiniwa anakaa chini anafanya karatasi, na anaweza kuanguka. Mimi nimechagua la pili, kwa hiyo hapa chini nitasema toleo la mtihani. (Ukifika mahali watu wanapiga kura kweli kweli, usishangae. Wapo.)

Mimi ni mtengeneza programu, nimesomea sayansi ya kompyuta, naishi Garissa, na sehemu ya riziki yangu inatokana na kutunza seva za watu. Mwanahistoria sijawa. Lakini nimeona kwamba swali hili halijibiki kwa kubishana programu ya nani ni bora. Linajibika vizuri zaidi ukifuata safari ya takwimu za afya za Kenya kutoka karatasi hadi seva moja, na ukiitazama safari hiyo kutoka upande huu wa Mto Tana.

Kwanza tuone desturi yenyewe ilivyoanza kuzoeleka, maana vijana wengi wanadhani rc ilikuwepo tangu enzi za Nuhu. Kiini cha Linux kilikuwa kikitoa mafaili ya matayarisho yaliyoitwa pre, na kati ya pre ya mwisho na toleo rasmi mambo yaliweza kubadilika bila mtu kupata nafasi ya kuyapima. Novemba 2001 likatoka toleo 2.4.15. Lilikuwa na hitilafu mbaya: ukiondoa diski au ukizima mashine kwa utaratibu wa kawaida kabisa, mfumo wa mafaili ungeweza kuharibika. Yaani aliyezima kwa adabu ndiye aliyeumia. Toleo 2.4.16 lilitoka ndani ya siku chache kuzima moto huo, na toleo lililofuata, 2.4.17, chini ya Marcelo Tosatti wa Brazil, lilipitia rc kabla ya kuwa rasmi. Leo kiini cha Linux kina ratiba ambayo ungeweza kuitundika ukutani: wiki 2 za kupokea mambo mapya, kisha rc1, na baada ya hapo rc nyingine takriban kila wiki mpaka ya 7, wakati mwingine ya 8, halafu toleo rasmi.

Wengine walichukua njia zao. Watu wa seva ya wavuti ya Apache hufunga faili, hulipa namba kabisa, kisha hupiga kura. Lazima zipatikane angalau kura 3 za ndiyo kutoka kwa wenye haki ya kupiga. Likianguka, namba ile haitumiki tena. Ndiyo maana ukitafuta Apache 2.4.5 huipati popote: mwaka 2013 waliruka kutoka 2.4.4 hadi 2.4.6. Watu wa PostgreSQL, hifadhidata ninayoipenda kuliko zote, hawana haraka: toleo la 17 lilitoka kama beta mwezi wa Mei 2024, likawa rc mapema Septemba, likawa rasmi tarehe 26 Septemba. Nao nginx hawana rc hata moja. Wana matawi mawili tu, moja la mambo mapya na moja la utulivu, na dunia inaendelea.

Kwa hiyo anayesema haiwezekani kuishi bila rc amekosea, nginx wapo. Na anayesema rc ni kupoteza muda amesahau Novemba 2001. Tofauti iko wapi? Hapo ndipo nataka twende Kenya.

Zamani takwimu za zahanati zilisafiri kwa karatasi. Mwisho wa mwezi mhudumu anajumlisha rejista yake, anajaza fomu, fomu inapanda gari kwenda wilayani. Huku kwetu gari lenyewe ni habari nyingine. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997 zilipokata barabara, ndizo zilizoleta pia homa ya Bonde la Ufa hapa Garissa, yaani wakati ule taarifa zilipohitajika zaidi ndipo njia ya kuzipeleka ilipokuwa chini ya maji. Baadaye, miaka ya 2000 ikielekea mwisho, Wizara ya Afya ilijaribu utaratibu wa wilaya kujaza majedwali ya Excel na kuyapandisha kwenye seva ya Nairobi. Ilikuwa hatua, ila kila wilaya ilikuwa na faili lake, na faili lililoharibika liliharibika peke yake.

Kisha ikaja DHIS2. Kwa asiyeijua: ni programu huria ya kukusanya na kuchambua takwimu za afya. Mizizi yake iko Afrika Kusini, kwenye mradi wa HISP ulioanza mwaka 1994 baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, na toleo la kwanza lilikuwa juu ya Microsoft Access. Toleo la pili liliandikwa upya kwa Java likiongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na linakaa juu ya Tomcat na PostgreSQL. Leo linatumika katika nchi zaidi ya 70. Sierra Leone na India walitangulia, lakini Kenya ilifanya jambo ambalo hakuna nchi ya Afrika kusini mwa Sahara iliyokuwa imelifanya: majaribio yalianzia Mkoa wa Pwani mapema 2011, na kufikia Septemba mwaka huohuo mfumo ulizinduliwa nchi nzima ukiwa wa mtandaoni kabisa. Hakuna tena programu ya kusakinisha kwenye kila kompyuta ya wilaya. Seva moja, kivinjari, na modemu ya simu. Seva yenyewe mwanzoni haikuwa hata Kenya, maana intaneti ya chumba cha seva cha wizara haikuaminika. Walikodi mashine London. Afisa wa kumbukumbu za afya wa Garissa alikuwa akiandika idadi ya watoto waliochanjwa kwenye kompyuta iliyoko ng'ambo ya bahari mbili, na ilikuwa nafuu kuliko kutuma karatasi Nairobi.

Hapa naomba utulie kidogo, maana ndipo jibu langu lilipo. Kabla ya 2011, kupandisha toleo la programu kulimpata mtu mmoja na kompyuta yake. Ikivunjika Wajir, Mandera hawajui. Wilaya ya kwanza kupandisha ilikuwa ndiyo mtihani wa nyingine zote, bila mtu kupanga. Baada ya 2011, mtu mmoja Nairobi anaandika amri moja usiku, na asubuhi nchi nzima imeamkia programu mpya. Mtihani ule wa bure uliokuwa umefichika kwenye uchelewaji wa karatasi na mafaili ukafutika. Sikusikia watu wakiuzungumzia, na si ajabu, kitu ambacho hakikuwa na jina hakiagwi.

Tena hifadhidata haina reverse. Toleo jipya la DHIS2 linapoanza mara ya kwanza hubadilisha majedwali ndani ya PostgreSQL, na ukitaka kurudi nyuma lazima urudishe nakala ya akiba uliyochukua kabla. Data yote iliyoingia baada ya nakala ile, kwaheri. Linganisha na nginx: ikikushinda, unarudisha toleo la jana, unaiwasha upya, dakika 2. Ndiyo maana nginx wanaweza kuishi bila rc na mimi sina ugomvi nao. Programu isiyobeba kumbukumbu inaweza kujaribiwa barabarani. Inayobeba kumbukumbu za watu haiwezi.

Sasa ongeza hali yetu. Mwaka 2011, intaneti ya Kenya ikiwa bado inakatikakatika, waandishi wa DHIS2 waliongeza uwezo wa kujaza fomu bila mtandao, na Kenya ilikuwa ya mbele kabisa kuutumia. Namna unavyofanya kazi ni nzuri sana: kivinjari kinahifadhi ukurasa wa fomu na tarakimu ulizojaza, na mtandao ukirudi kinakuomba ruhusa ya kuzituma. Kwa mtu wa Nairobi hicho ni kipengele kimoja kati ya mia. Kwa mtu wa huku ndiyo programu yenyewe. Kuna sehemu za Garissa, Wajir na Mandera ambako minara ya simu imewahi kulipuliwa na al-Shabaab na mji ukakaa siku kadhaa bila laini. Dadaab mashirika yalitegemea setilaiti mpaka mradi wa DadaabNet wa mwaka 2012, uliofanywa na NetHope, Inveneo na Cisco kwa ufadhili wa USAID, ulipoleta mtandao wa kasi kwa mashirika ya kambini. Na hata hapo, kasi ya ofisi ya shirika si kasi ya kituo cha afya kilicho kilomita kadhaa kutoka barabarani.

Fikiria basi: seva imepandishwa toleo usiku, na kivinjari cha afisa mmoja bado kina fomu ya zamani pamoja na tarakimu za jana ambazo hazijatumwa. Asubuhi fomu ya zamani inajaribu kuongea na seva mpya. Kila aliyewahi kutunza DHIS2 anajua ujumbe unaotumwa kwenye kikundi cha WhatsApp baada ya kupandisha toleo: futeni akiba ya kivinjari. Ujumbe huo, ukifuatwa na mtu aliyebofya kila kisanduku badala ya kimoja, unafuta pia zile tarakimu ambazo hazijatumwa.

Nimeliona. Shirika moja linalohudumia kambi za Dadaab, jina nalihifadhi, lina DHIS2 yake lenyewe. Fundi wao alipandisha toleo tarehe 12 ya mwezi, siku chache tu baada ya toleo rasmi kutangazwa. Mimi niliitwa baadaye kusaidia kupanga upya. Afisa wa Hagadera alinieleza kwa simu: "Walaal, fomu inafunguka, inajazika, lakini haitumi. Wakaniambia futa. Nikafuta." Kazi ya siku 2 ilikwenda. Kilichookoa ni kwamba yule mzee, mkongwe wa kumbukumbu za afya, hakuwahi kuacha rejista yake ya karatasi, akaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza. Vituo vile vilionekana kwenye grafu za shirika mpaka tarehe 19 kama vituo ambavyo havijaripoti kitu. Kituo kisichoripoti na kituo kisicho na wagonjwa, kwenye grafu iliyochorwa haraka, vinafanana kama pacha.

Na huku kufanana huko si mchezo. Mei 2013 polio ilithibitishwa Dadaab, na kabla mlipuko ule haujaisha Kenya ilikuwa na wagonjwa 14. Polio ina njia yake ya dharura ya kuripotiwa, haisubiri mwisho wa mwezi, hilo lieleweke. Lakini swali la ni watoto wangapi wamepata dozi ya tatu, na kituo gani kimebaki nyuma, linajibiwa na zile fomu za kila mwezi.

Sasa nani angeigundua hitilafu ile kabla? Mradi wa DHIS2 hauna siri. Wana seva za maonyesho hadharani ambazo mtu yeyote anaweza kuingia, hata wewe sasa hivi, na kubofya toleo linalopikwa. Jina ni admin, neno la siri ni district, limekuwa hivyo miaka nenda rudi na kila fundi wa DHIS2 duniani analijua kama anavyojua shairi la chekechea. Ndani utakutana na hifadhidata ya mfano ya Sierra Leone, na kituo cha Ngelehun ambacho nadhani ndicho kituo cha afya maarufu kuliko vyote Afrika kwa watu ambao hawajawahi kufika. Ni mazingira mazuri ya kujifunzia. Lakini Kenya ina vituo zaidi ya 10,000, miaka mingi ya data, kaunti 47 na chini yake kaunti ndogo na wadi. Na Ngelehun ya maonyesho haijawahi kukatiwa mtandao ikiwa na fomu 20 mfukoni.

Hapa ndipo wapinzani wa rc wana hoja yenye nguvu, na sitaificha. Wanasema: hakuna mtu anayezijaribu. Unatoa rc1, unasubiri wiki 2, kimya. Unatoa rasmi, na siku ya tatu malalamiko yanamiminika. Kwa hiyo toleo rasmi la kwanza ndilo rc ya kweli, jina tu limebadilishwa. Ubuntu wenyewe wanakiri hili kwa vitendo: ukiwa kwenye toleo lao la miaka mingi, mashine haikuletei ofa ya kuhamia toleo jipya la miaka mingi mpaka toleo lile lifikishe nukta 1. Nukta sifuri wameachiwa wenye hamu.

Wana hoja nyingine ya pili: dharura haina mtihani. Ushahidi ilitengenezwa Januari 2008, Kenya ikiwaka baada ya uchaguzi, na Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia waliiweka hewani ndani ya siku chache. Ungewaambia wasubiri rc3? Au chukua Desemba 2021, hitilafu ya Log4j ilipofichuka na kila mwenye seva ya Java akakosa usingizi. Kati ya 2.15.0 na 2.17.1 zilitoka tiba 4 ndani ya mwezi mmoja, kila moja ikiziba tundu lililobaki. Mlango ukiwa wazi na mwizi yuko uani, unafunga kwa ubao wowote.

Yote mawili nayakubali. Kiraka cha usalama kiingie leo. Lakini kiraka si toleo, na kosa kubwa ninaloliona ni watu kuchukua mwendo wa kiraka na kuutumia kwa toleo linalobadilisha majedwali.

Kuna njia ya tatu ambayo Kenya inayo tayari, na hii naipenda. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, ulizaliwa mwaka 2004 kutokana na kazi ya Eldoret: Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana walikuja kuona mahitaji ya mradi wa AMPATH, wakakuta tayari kuna mfumo mdogo ulioanzia kituo cha Mosoriot. Juu ya OpenMRS ikajengwa KenyaEMR, na hiyo hukaa kwenye seva ndani ya kituo chenyewe. Kero ni nyingi: umeme, vumbi, joto (Garissa hili tunalielewa), diski kufa. Lakini kupandisha toleo kunaenda kituo kwa kituo. Kituo cha kwanza kikikwama, cha pili kinasubiri. Kile kitu tulichokipoteza mwaka 2011, wao bado wanacho. Seva moja ya taifa haiwezi kufanya hivyo, kwa hiyo lazima ukitengeneze kwa mkono, na kukitengeneza kwa mkono ndiyo hiyo rc.

Basi jibu langu ni ndiyo, kwa programu inayobeba kumbukumbu na inayohudumia wengi kutoka mahali pamoja. Ila ndiyo hiyo ina sharti, na sharti lenyewe sijaliona likijadiliwa: kalenda.

Takwimu za afya za Kenya zina mapigo yake. Kituo kinatakiwa kupeleka fomu za mwezi uliopita kufikia tarehe 5. Ziwe zimeingia kwenye mfumo kufikia tarehe 15. Anayeifahamu Kenya anajua hiyo maana yake ni nini: tarehe 13, 14 na 15 kila mtu yuko ndani kwa pamoja, seva inahema, na maafisa wanaamka alfajiri au wanabaki usiku wa manane kwa sababu ndipo inapokwenda haraka. Tarehe 20 seva hiyohiyo ni shwari kama uwanja wa mpira Jumatatu. Sasa toa rc ya wiki 2. Ikianza tarehe 17 inaisha tarehe 31. Imefaulu! Haijawahi kuonja tarehe 15 hata moja. Umemfanyia mtahiniwa mtihani wa Kiswahili na ukampa cheti cha hisabati.

Ndiyo maana nimewataja wale wengine mwanzoni. Wiki 7 za rc za Linux zingevuka angalau tarehe 15 moja popote zinapoanzia. Miezi 4 ya PostgreSQL, kutoka Mei mpaka Septemba, inavuka kadhaa. Hawakupanga kwa ajili yetu, lakini muda wao unatosha. Muda wa mtihani usipimwe kwa wiki anazoona fundi zinamtosha. Upimwe kwa mzunguko wa kazi ya mtumiaji. Kwa benki ni mwisho wa mwezi, kwa shule ni siku ya kuingiza alama, kwa afya ya Kenya ni kutoka tarehe 1 hadi 15.

Na tuna mfano wa kinachotokea mtihani usipofanana na siku yenyewe. Uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013: mfumo wa kupeleka matokeo kielektroniki ulikwama na ikabidi kujumlisha kwa mkono. Wakati huohuo kura zilizoharibika zilionekana kwenye skrini zikipita 300,000, na tume ikaeleza kwamba kulikuwa na kosa la programu lililozizidisha mara 8. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Mwaka 2017, siku 2 kabla ya uchaguzi wa 8 Agosti, tume ilitangaza kwamba vituo zaidi ya 11,000 kati ya 40,883 viko nje ya mtandao wa 3G. Mtu wa Kaskazini Mashariki aliyesikia habari hiyo hakuhitaji orodha kujua kama yumo. Hizo hazikuwa programu huria, na siku ya uchaguzi haisogezwi, kwa hiyo nawahurumia kidogo mafundi wale. Sisi wa DHIS2 hatuna kisingizio hicho. Hakuna sheria inayosema toleo jipya liingie mwezi huu.

Ipo pia faida ya uhuria ambayo hatuitumii. Programu ikiwa huria, huhitaji ruhusa ya Oslo kufanya mtihani wako. Unachukua nakala ya hifadhidata yako halisi, unaondoa majina kama yamo, unaweka toleo la mtihani kwenye mashine ya pili, na ukiona hitilafu unaandika kwao wakati bado wanasikiliza. Hapo ndipo rc inapopata maana. Ripoti ya hitilafu kutoka Garissa inayofika kabla ya toleo rasmi ina uzito kuliko 10 zinazofika baada, kwa sababu wakati huo hakuna nchi ambayo imeshabadilisha majedwali yake. Gharama yake ni mashine ndogo ya kukodi kwa mwezi mmoja, na mtu wa kukaa nayo.

Kwa seva ninayoitunza sasa, toleo jipya litaingia kwenye mashine ya majaribio tarehe 1 na litakaa huko mpaka tarehe 20. Nimekubaliana na yule mzee wa Hagadera atumie laptopu yake ileile kuukuu, na kivinjari kilekile ambacho hakijasasishwa tangu ainunue. Tarehe 14 atajaza fomu za chanjo za vituo 20 modemu ikiwa imechomolewa, mimi nitapandisha toleo fomu hizo zikiwa bado ndani ya kivinjari, kisha atachomeka modemu. Zikifika 20, tutapandisha seva yenyewe tarehe 21. Zikifika 19, mwezi huo hatupandishi kitu, na nitakaa usiku huo kuwaandikia waandishi wa programu ni ipi iliyopotea na ilipotelea wapi.